Kutoka Machakos mpaka Mahakama ya Rufaa: maswali yenu kuhusu Jaji Odunga

Nilipoandika juu ya Jaji George Odunga, yule alikuwa anasikiza kesi Mahakama Kuu ya Machakos kabla apande Mahakama ya Rufaa, mliniuliza maswali mengi. Haya najibu, moja baada ya lingine.

Si ni Ruto alimpandisha cheo? Mbona unasema ni JSC?

Ruto aliweka sahihi. Jina lenyewe lilitoka kwa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, mwaka wa 2019, likiwa kwenye orodha ya watu 41, na 11 kati yao walikuwa wa Rufaa. Hao watu waliketi intavyuu wakaulizwa maswali, wakapita. Katiba kifungu cha 166 inasema rais anateua majaji kulingana na mapendekezo ya tume, haijampa nafasi ya kusema huyu namtaka huyu simtaki, na Mahakama Kuu ilisema hivyo hivyo Februari 2020. Lakini Uhuru, aliyekuwa rais wakati huo, alikaa na ile orodha karibu miaka 2, halafu Juni 2021 akateua 34 akaruka 6, na mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki akingoja. Wanne kati ya walioachwa walikuwa waende Rufaa: Odunga, Joel Ngugi, Weldon Korir na Aggrey Muchelule. Ruto akaapishwa tarehe 13 Septemba 2022, akasaini siku hiyo hiyo, kesho yake wakala kiapo. Alifanya vizuri, nampa heko, lakini tusiiite zawadi, hiyo ilikuwa haki yao tangu 2019.

Kwani waliachwa juu ya BBI?

Wengi wanaamini hivyo, na nawaelewa, maana hukumu iliyozuia BBI, ule mpango wa Uhuru wa kubadilisha katiba, ilisomwa 13 Mei 2021, na wiki 3 baadaye ndio orodha ikatoka bila Ngugi na Odunga, na wote wawili walikuwa kwenye lile benchi la majaji 5. Lakini Korir na Muchelule hawakuwa kwenye hilo benchi, na pingamizi la Ikulu lilianza kabla ya BBI, likitajwa ni mambo ya ripoti za usalama. Kitu kinaniuma mimi ni kwamba kama uko na neno juu ya jaji, kifungu cha 168 kinakuonyesha mlango, unapeleka malalamishi JSC, jaji anaitwa, anajitetea. Hawa watu kazi yao ni kusikiza pande zote mbili kabla ya kuamua, na wao wenyewe wakakaa miaka 3 na doa bila kusikizwa.

Hakimu na jaji si ni kitu kimoja?

Hapana. Hakimu yuko korti za chini, jaji anaanzia Mahakama Kuu, na kuwa jaji wa Mahakama Kuu ama wa Rufaa lazima uwe na uzoefu wa miaka 10 kwenda juu. Kustaafu ni miaka 70, ingawa ukifika 65 unaweza kuondoka ukitaka.

Huyu si ndiye aliachilia wabakaji?

La, hakuachilia mtu kwa hiyo hukumu. Mei 2022, akiwa bado Machakos, alisema kifungo cha chini cha lazima kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono kinakiuka katiba pale kinapomfunga jaji mikono asiweze kupima kesi ilivyo. Yaani mahakama bado ingeweza kumpa mtu hiyo miaka yote, ila baada ya kupima. Mimi niko na mabinti na hilo swali lilinikosesha usingizi, nilisoma ile hukumu mara mbili, na bado nadhani alikuwa anauliza swali la haki. Mahakama ya Juu ilikuja ikaenda njia nyingine Julai 2024, kwenye kesi tofauti, ikasema vile vifungo vya chini vibaki. Jaji kutokubaliwa huko juu ni jambo la kawaida, ndio maana rufaa zipo.

Kesi ya ndugu yangu jaji alihamishwa ikiwa katikati. Tunaanza upya?

Hili ndilo swali nimelipenda, juu wengi mko hapo. Nimewahi kukaa kwa koridoni ya korti na mama mmoja, amefunga karatasi zake kwa kipande cha leso, anaambiwa na karani ‘jaji wako alienda’, na hakuna mtu anamwelezea zaidi ya hapo. Mama akafungua leso, akafunga tena. Sasa iko hivi: faili inapewa jaji mwingine, na anaweza kuendelea pale mwenzake aliachia akitumia ushahidi ulioandikwa. Kama ni kesi ya jinai, mshtakiwa ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena, na jaji mpya anafaa kumwambia hivyo kabla kuendelea, asipomwambia wakili wenu asimame aseme. Na kama mko na wasiwasi eti yule jaji atakutana na hiyo kesi tena akiwa Rufaa, hawezi kusikiza rufaa ya uamuzi wake mwenyewe, na huko wanaketi 3. Mwambie ndugu yako aende rejista na namba ya kesi, aulize imepangiwa nani na tarehe gani, na aiandike hapo hapo kabla aondoke dirishani.