Maswali ya Wasomaji: Kupandisha Kasi ya Prosesa kwenye Ubao Mama wa Bei Nafuu

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 2600 na ubao mama wa B450, ambao niliuchagua kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini kuliko mingine yote dukani. Kazi yangu ni kuhariri video, na kutoa faili la mwisho huchukua muda mrefu. Rafiki yangu ananishauri nipandishe kasi hadi gigahezi 4.2 kwa volti 1.4, na kabla ya hapo niondoe kipoza joto kilichokuja na prosesa nifunge kile kirefu cha mnara. Je, ubao wangu utahimili? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, kiwango hicho usikijaribu kwenye ubao huo. Ni kweli kwamba AMD, kampuni iliyoitengeneza prosesa yako, haikuifungia kasi, na chipseti (chipu ya ubao inayoratibu vifaa) ya B450 inaruhusu kasi ipandishwe. Kinachokuzuia ni sakiti ya umeme iliyo kando ya soketi (tundu inamokaa prosesa), ambayo hupokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye pawasaplai na kuushusha hadi volti moja na kidogo. Volti zikishushwa hivyo, mkondo huwa mkubwa: prosesa inayotumia wati 84 kwa volti 1.2 huvuta ampea 70, na zote hupitia transista ambazo, katika mbao za bei ya chini, mara nyingi ni chache na hazina bapa la alumini la kuzipoza.

Volti ndizo za kuogopa zaidi kuliko gigahezi. Matumizi ya nguvu huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti huongezeka kwa mraba wake. Ukitoka gigahezi 3.6 kwa volti 1.2 ukaenda 3.9 kwa volti 1.35, kasi imepanda kwa takriban asilimia 8 tu, ilhali nguvu inayotumika imepanda kwa takriban asilimia 37, na mzigo huo wote unabebwa na sakiti ile ndogo.

Kuhusu kipoza joto, ushauri wa rafiki yako una faida na hasara, na hasara yake husahaulika sana. Kile kilichokuja na prosesa hupuliza hewa kuelekea chini, kwa hiyo hewa hiyo huzipitia pia transista zilizo kando ya soketi. Cha mnara huipoza prosesa vizuri zaidi, lakini hupuliza hewa sambamba na ubao, na transista hubaki bila upepo. Utaona prosesa ina nyuzi 65 ukaridhika, kumbe sakiti inaungua polepole. Ukikifunga, hakikisha kasha lina feni ya kutoa hewa nyuma, karibu kabisa na soketi, na usafishe vumbi mara kwa mara. Kumbuka pia kwamba joto la chumba hujumlishwa kwenye joto la kila kifaa, na Mombasa chumba chenye nyuzi 32 si jambo la ajabu.

Ukiamua kuendelea, kwanza pima kompyuta ikiwa katika hali ya kiwandani: endesha Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, tazama joto kwa programu ya HWiNFO, na uandike matokeo. Kisha ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uweke volti kwa mkono. Usiuachie ubao uchague wenyewe, kwa sababu mbao nyingi hujipa volti za ziada zisizohitajika. Anza na volti 1.25 na gigahezi 3.7, upande taratibu, na kila hatua uijaribu kwa Prime95, programu inayoibebesha prosesa mzigo mzito. Kwa ubao usio na mabapa, mimi ningesimama kwenye volti 1.3 na kulizuia joto la prosesa lisivuke nyuzi 80, ingawa kikomo chake rasmi ni nyuzi 95. Kasi ikiporomoka ghafla katikati ya kazi huku prosesa yenyewe ikiwa haijapata joto kubwa, shuku sakiti ya umeme na urudi nyuma mara moja. Kompyuta ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, na mipangilio itarudi ya kiwandani.

Utapata nini? Prosesa hii, viini vyote vikifanya kazi, hupanda yenyewe hadi karibu gigahezi 3.7. Hata ukifika 3.9, kazi ya dakika 60 itachukua takriban dakika 57. Kabla ya kuhangaikia dakika tatu hizo, angalia kama RAM yako inaendeshwa kwa kasi iliyoandikwa juu yake, kwa kuwa mbao nyingi huianzisha kwa kasi ya chini mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, ndani ya BIOS. Fahamu pia kwamba dhamana ya AMD haigharimii uharibifu utokanao na kupandisha kasi.

SWALI: Nina Core i5-9400F kwenye ubao wa H310. Je, nami naweza kupandisha kasi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Kwa kizazi hicho, Intel iliziachia uhuru huo prosesa zenye herufi K katika jina, tena zikiwa kwenye chipseti ambazo jina lake huanza na Z. Kama una kijiti kimoja tu cha RAM, ongeza cha pili kinacholingana nacho, ili prosesa isome kumbukumbu kwa njia mbili kwa pamoja. Hapo utaona tofauti bila kuhatarisha chochote.