Barua kwa mwanangu: Ubabe wa Bogart

Mwanangu,

Umeuliza huyu mwigizaji wa filamu Humphrey Bogart, mtoto wa daktari wa New York, tena si pandikizi la mtu, alipataje kuwa mbabe wa Hollywood. Alichelewa sana, na kilichomwokoa ni kazi walizokataa wenzake.

Miaka ya 1920 jukwaani alipewa kuigiza vijana wa kitajiri, watanashati. Mwaka 1935 akaigiza jambazi Duke Mantee katika tamthilia ya The Petrified Forest. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. walipoitengenezea filamu, nafasi hiyo wakamtaka mwigizaji Edward G. Robinson. Leslie Howard, nyota wa tamthilia hiyo, akawapigia telegramu: Bogart asipokuwepo, naye hayumo. Bogart hakusahau, binti yake alimwita Leslie.

Lakini hapo bado. Warner wakamrundikia majambazi wa pembeni, wa kufa kabla filamu haijaisha. Mikataba ya wakati ule ilimfunga mwigizaji hadi miaka 7. Ukikataa filamu unasimamishwa bila mshahara, na muda huo unaongezwa kwenye mkataba. Mwigizaji mwenzake George Raft alithubutu kukataa filamu mbili: kwanza High Sierra, kisha The Maltese Falcon. Zote zikamwangukia Bogart, zote za 1941.

Ya pili itazame vizuri pale Bogart, akiwa mpelelezi Sam Spade, anapomfokea mhalifu Gutman na kutoka kwa kishindo. Akifika kwenye ujia anatabasamu, kisha anautazama mkono wake: unatetemeka. Wanaomwiga huchukua kofia na sigara, mkono wakauacha, ndiyo maana wanachekesha. Sigara yenyewe usiitamani. Saratani ya umio ilimuua 1957, hajafika 58.

Kimo nacho kilikuwa na dawa: kwenye filamu ya Casablanca alivalishwa viatu vya kumwinua asizidiwe urefu na mwigizaji mwenzake Ingrid Bergman.

Oscar yake moja tu hakuipata kwa bastola. Aliipata kwa Charlie Allnut, mlevi wa mashua katika The African Queen, iliyopigwa Kongo na Uganda mwaka 1951. Wengi waliugua matumbo. Yeye na mwongozaji John Huston walidai whisky ndiyo iliyowakinga (maneno ya walevi hayo). Onyesho la ruba lilipigwa studio Uingereza: Allnut anabanduliwa ruba mwilini, anatetemeka kwa kinyaa, halafu anarudi majini kuvuta mashua, maana bila hivyo haiendi. Anza na ya Spade, kisha hii. Casablanca iache ya mwisho.

Mama yako