Vyuma vya meno vya kipimo chako au vya kawaida?

Ndugu muulizaji, umeambiwa kwamba vyuma vya kupanga meno vilivyotengenezwa kwa kipimo chako humaliza kazi mapema, nawe unauliza kama bei yake kubwa inastahili. Vyuma vya kawaida hutoka kiwandani vikiwa na pembe zilizowekwa kwa wastani wa meno ya watu wengi, kwa mfumo ulioasisiwa na Mmarekani Lawrence Andrews, na kwa kuwa meno ya mtu hayalingani kikamilifu na wastani huo, daktari hulazimika kukunja waya hapa na pale katika miezi ya mwisho. Vya kipimo maalumu huanza na taswira ya kidijitali ya kinywa, meno yakapangwa kwanza kwenye kompyuta, kisha vibanio (vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya) na waya vikatengenezwa kufuata mpango huo. Hata hivyo, jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2017 halikuonyesha kwamba muda wa matibabu ulipungua kwa kiasi cha maana. Aliyeuathiri zaidi muda huo alikuwa daktari mwenyewe. Vyuma vya upande wa ulimi, yaani vinavyobandikwa nyuma ya meno, ni suala jingine, kwani huko maumbo ya meno hutofautiana mno na kipimo maalumu husaidia kweli. Kwa vyuma vya mbele, nakusihi fedha hiyo uielekeze kwa daktari bingwa wa kupanga meno.