Kwa mnaoanza kusoma jenomu ya mitokondria ya kereng'ende

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu kusoma jenomu ya mitokondria, yaani DNA yote ya vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, nawaona mmeikodolea macho mashine ya kusomea DNA. Mimi ninavyojua, kazi hii huharibikia mtoni, dakika ile unapomtoa tunutu wa kereng'ende, yule mchanga anayeishi majini, kwenye wavu.

Joto la Dar halisubiri. Mdudu akifia kwenye ndoo mchana pale Mto Mzinga, mpaka upite foleni ya Barabara ya Kilwa ufike Mlimani, DNA yake imeshaanza kukatikakatika. Mtumbukize papo hapo kwenye alkoholi ya asilimia 96, iwe nyingi kuliko mwili wake mara kadhaa. Kesho yake imwage uweke mpya, maana maji ya mwilini mwake yameshaizimua. Lebo andika kwa penseli, uiweke ndani ya chupa; wino wa kalamu nyingi huyeyuka humo. Niliwahi kubaki na chupa kumi na moja nisizojua zimetoka kijito gani, na safari nzima nikairudia.

Halafu kuna tumbo. Tunutu ni mla nyama: viluwiluwi vya mbu, hata visamaki. Sampuli yangu ya kwanza niliisaga nzima, nikapata mitokondria ya mdudu wangu imechanganyika na ya chakula chake. Kata mguu mmoja tu, misuli yake inatosha. Mwili uliobaki utunze, mtaalamu aje ahakiki spishi.

Mfuatano wa herufi za DNA (A, C, G na T) ukitoka, tarajia duara la herufi kama 15,000 hadi 16,000, lenye jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA na 2 za rRNA, aina mbili za RNA zinazosaidia kutengeneza protini. Ukiona jeni ya protini imekatizwa katikati na TGA, herufi tatu ambazo katika jedwali la kawaida humaanisha "simama", angalia kwanza kama programu inatumia jedwali la 5 la kutafsiri DNA kuwa protini, la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Humo TGA ni triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Kama jedwali ni hilo na bado jeni imekatizwa, basi shtuka: huenda umesoma nakala iliyohamia zamani kwenye kiini cha seli.

Eneo la udhibiti, sehemu isiyo na jeni inayoongoza kunakiliwa kwa duara, ndilo litakalowasumbua zaidi. Limejaa A na T, mara nyingi lina vipande vinavyojirudia, na programu huviunganisha ovyo. Duara likikataa kufungika, msilifunge kwa nguvu. Andikeni kwamba pengo lipo, na liko kati ya jeni zipi.