Kama hujawahi kuangalia muvi ya kimya, anza na hii ya dakika 18

Mwaka jana nilimwekea mchumba wangu muvi ya kimya ndefu, zaidi ya saa nzima, najiona bonge la mtaalamu, dakika ya ishirini tu mwenzangu anakoroma. Kosa langu mwenyewe. Kwahiyo usianze na ndefu, anza na fupi, na ukiniuliza ipi nakwambia Neighbors ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za muvi za kimya, ya 1920, dakika kama 18 hivi, hata bando halishtuki.

Stori nyepesi mno. Kijana (Buster mwenyewe) na binti wanapendana, wanakaa ghorofa zinazotazamana kwa nyuma, katikati kuna uzio wa mbao, familia zao haziivi hata kidogo, basi wao wanapeana vikaratasi vya mapenzi kwenye tundu la uzio. Jamaa akidakwa chumbani kwa binti, baba mtu (Joe Roberts, pande la mtu!) anamfunga kwenye kamba ya kuanikia nguo anamvuta taratibu mpaka kwao kama shati lililokauka. Wanafikishana mpaka mahakamani, hakimu anasema waachwe waoane. Siku ya harusi sasa, suruali ya bwana harusi inaporomoka kila saa, halafu mzee anagundua pete ni ya senti 10, ya Woolworth, duka la vitu vya bei chee. Ndoa ikafia hapohapo.

Mi niliirudia nyumbani kwa mama, sebuleni, na wapwa zangu wanne. Iweke kwenye tivii maana Keaton kamera anaiweka mbali ili mwili wote uonekane, ukiangalia kwenye simu unaona sisimizi anakimbia. Na chagua kopi vizuri, enzi hizo kamera zilizungushwa kwa mkono hivyo spidi haikuwa moja, kopi nyingine za mtandaoni watu wanatembea kama wamekanyaga makaa.

Muziki usikusumbue. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti, kumbi nyingi zilikuwa na mpiga kinanda wao au bendi yao, kwahiyo kile kinanda unachosikia kimewekwa baadae na mtu mwingine. Kopi yangu kilikuwa kinaniudhi nikazima, nikaweka taarabu ya zamani, na aisee suruali kuporomoka huku kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, inalia ni kitu kingine kabisa. Alafu mpwa wangu mmoja akaanza kutafsiri kama wale jamaa wa kibanda umiza, "sasa baba mkwe huyu anaingia, staa wetu hana habari", nikataka kumnyamazisha, mama akanikataza. Alikuwa sahihi, mimi ndo nilikuwa naharibu kwa kuelezea kila kitu.

Kitu kimoja tu waambie mapema: yule mzee anayecheza baba wa kijana, Joe Keaton, ni baba mzazi wa Buster kweli. Walikuwa na shoo ya familia jukwaani, Buster toka mdogo kabisa anarushwarushwa na huyo mzee kama mzigo, watu wanacheka. Ukishajua hilo unaelewa kwanini anaanguka vile na uso haucheki hata sekunde moja.

Kuna na kipande uso wake unapata weusi polisi wanamchanganya na mtu mweusi, utani wa Marekani ya enzi hizo, mi haunichekeshi. Wapwa waliuliza, nikawaeleza kwa kifupi tukaendelea.

Sehemu ya kutulia ni mwishoni. Jamaa anataka kumtoa binti ghorofa ya juu, marafiki wawili wanambeba, mmoja kasimama mabegani kwa mwenzie na yeye juu yao wote, mnara wa watu watatu unakatiza uwanja. Hatari ikitokea, kila mmoja anazama kwenye dirisha la ghorofa yake kwa mpigo mmoja. Hakuna kompyuta hapo, ni miili tu. Tulirudisha nyuma mara tano, mpwa mdogo akataka kupanda mabega ya kaka yake, nikasimamisha muvi kwanza mpaka washuke. Nawe shika rimoti karibu.

Mama yeye alibaki na ile pete. "Senti kumi? Hata mimi mwanangu ningerudi nae nyumbani."

Juzi nikamwekea na mchumba, hakusinzia, kacheka mpaka machozi. Ilipoisha akaivua pete yake ya uchumba, akaigeuzageuza kwenye taa, akaniuliza nilinunua wapi.