Kompyuta uliyoiunga mwenyewe leo inawaka kesho inagoma? Tulia kwanza kabla hujanunua kifaa kingine

Wadau, hii ni kwa nyie mnaounga mashine kwa mara ya kwanza. Kompyuta isiyowaka kabisa ina nafuu kuliko hii inayowaka ikijisikia, maana iliyokufa imekufa, unaitafuta mpaka unaiona ilipofia, ila hii ya leo ndiyo kesho hapana ukigusa waya tu ikawaka unajiona fundi, unafunga skrubu zote, unatuma picha kwenye grupu, asubuhi unabonyeza inakuangalia tu.

Ya kwangu ilikuwa prosesa ya Ryzen 5 7600, bodi (motherboard) ya B650, RAM mbili za GB 16 za DDR5, kile kizazi kipya cha RAM, vitu nimekusanya miezi kidogo kidogo vingine Kariakoo vingine nimeagiza. Ikawa inawaka mara tatu ya nne inagoma, feni zinazunguka, taa zinawaka, halafu pu, kimya. Mimi bila hata kufikiri nikasema hii pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine), nikaenda kununua nyingine, na kweli ikawaka siku mbili bila shida nikawa natamba. Siku ya tatu pu. Hela imeshaenda na boksi nimeshalichana, nani atanirudishia?

Hapo ndo nikachukua daftari. Msicheke, daftari lenyewe la shule la dogo. Kila ikigoma naandika: imezima baada ya sekunde ngapi, kitaa gani kimewaka kwenye bodi, ilikuwa imelala usiku kucha au imetoka kuzimwa sasa hivi. Na nikibadilisha nabadilisha kitu kimoja, nawasha mara kumi, ndo naenda kingine. Ukichomoa RAM na waya na SSD (diski ya kuhifadhia) kwa pamoja halafu ikawaka, utajuaje kilichoiponya?

Ila kabla hujaanza kuchomoa chochote, kama ni mashine ya DDR5 ukiwasha mara ya kwanza kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa, bodi inakuwa inaipima RAM. Wengi wanaona giza wanazima, wanawasha, wanazima, kumbe wanaikatisha kazi kila mara inaanza upya. Washa, nenda kapike chai. Na waya wa monita uchomeke kwenye kadi ya grafiki kama unayo, sio kwenye bodi, usione aibu kuhakikisha, wote tumepita hapo.

Vile vitaa vya kwenye bodi sasa. Bodi nyingi zina vinne vidogo pembeni, vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (grafiki) na BOOT (kuanza kusoma diski). Mashine ikiwaka vinapita kimoja kimoja, kikigandia kimoja ndo pa kuanzia. Kikigandia DRAM usikimbilie kusema RAM mbovu, mara nyingi haijazama. Bodi nyingi za siku hizi zina kishikizo upande mmoja tu, upande wa pili hakuna kitu cha kukuonyesha kwamba imekaa nusu, kwa hiyo chomoa zote, rudisha moja tu, bonyeza ncha zote mbili mpaka usikie inalia ta, na roho itakuuma maana inataka nguvu kweli. Kwenye bodi ya nafasi nne, RAM mbili zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio zile mbili za karibu karibu.

Ikiwaka vizuri na RAM moja, au inawaka ikiwa ya moto ila asubuhi inasumbua, ingia BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, kabla Windows haijawaka) uzime ile profaili ya spidi ya RAM, AMD wanaiita EXPO na Intel XMP. Hiyo kiukweli ni ovakloku, yaani kuikimbiza kuliko spidi yake ya kawaida, imeandikwa 6000 kwenye boksi lakini sio kila bodi na kila prosesa itaibeba bila kulalamika, mara nyingine dawa yake ni kuapdeti BIOS tu.

Umeme nao. Chomeka ukutani moja kwa moja, toa hiyo ekstensheni uliyorithi kwa mama yenye pasi na friji. Pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230, kwa umeme wetu ikiwa kwenye 115 italipuka, sitanii. Halafu ukiazima pawa saplai ya mshkaji kujaribu, tumia na waya zake zote. Zile za waya za kuchomoa zinafanana kwa macho ila mpangilio wa pini upande wa saplai unatofautiana, ukichanganya unaweza ukaunguza SSD na picha zako zote humo.

Nilipomaliza hayo yote na bado, nikaitoa mashine nje ya kesi (kasha la mashine, sio ya polisi), nikailaza bodi juu ya boksi lake la karatasi na prosesa, RAM moja, feni ya prosesa na saplai, basi. Prosesa yenyewe ina grafiki kwa hiyo kadi nikaiacha pembeni. Huko hakuna kitufe, unagusanisha zile pini mbili za pawa na ncha ya bisibisi, sekunde moja tu. Ikawaka. Mara kumi, mara ishirini, haikukosea hata moja. Maana yake tatizo liko kwenye kesi, na hapo washukiwa ni wawili, ule msumari wa kusimamishia bodi uliowekwa mahali bodi haina tundu ukawa unagusa mgongo wake, au kitufe.

Misumari ilikuwa sawa. Nikarudi kwenye daftari, nikaona kitu nilikuwa nakiandika kila siku bila kukisoma: sekunde 4, sekunde 4, sekunde 4. Sasa jiulize, ukitaka kuizima kompyuta kwa lazima unafanyaje? Unashikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde nne. Kile cha kwangu kilikuwa kinabana kwenye plastiki ya mbele, siku nyingine nikikibonyeza kinarudi, siku nyingine kinabaki ndani na mashine inadhani nimekishikilia. Zile siku mbili za pawa saplai mpya ni bahati tu kilikuwa kinarudi.

Nilichofanya nilichomoa waya wa kitufe cha pawa nikaweka wa riseti kwenye pini zile zile, vyote ni swichi tu. Pawa saplai ya zamani ipo kabatini, nzima kabisa, na mashine mpaka leo naiwasha na kitufe cha riseti.