Usinunue Kofia Wala Upanga: Ushauri Wangu kwa Mnaotaka Kuigiza Maharamia

Juzi kuna kijana kaniandikia inboksi, anasema, "Shikamoo dada, nataka kuingia kwenye maigizo ya maharamia, nimeshajichanga hela kidogo, ninunue nini kwanza, kofia ya pembe tatu au upanga?" Nilimjibu kwa kifupi maana nilikuwa na haraka, ila swali lake limebaki kichwani kwa sababu ndo swali la kila anayeanza na hakuna anayewajibu vizuri, wengi wanawatumia linki za kununulia vitu basi. Leo nalijibu kwa urefu. Jibu langu ni moja na nitalirudia sana humu: usinunue kofia, usinunue upanga, tafuta kipande cha kamba ujifunze fundo moja vizuri, halafu tafuta watu wenye chombo cha tanga uende nao majini.

Naongea kwa kujiamini kwa sababu mwezi uliopita kikundi chetu kimenichagua kuwa kwotamasta, kwa kura, na mimi ni mwanamke. Kama hujui kwotamasta ni nani, enzi za maharamia wa Karibi nahodha alikuwa na amri kamili wakati wa kufukuza meli na wakati wa vita tu, muda mwingine wote kwotamasta ndo aliyekuwa na sauti, yeye anagawa chakula, anagawa mali, anaamua ugomvi wa watu. Na wote wawili walichaguliwa. Nahodha wa maharamia Charles Vane alipokataa kupambana na meli ya kivita ya Wafaransa Novemba 1718, mabaharia wake walipiga kura wakamtoa, kiti akapewa kwotamasta wake, John Rackham. Kwa hiyo cheo hiki mimi sikichukulii kama mchezo, na siku waliponitangaza nililia mbele ya watu.

Nililia kwa sababu ya nilikotoka. Kikundi changu cha kwanza, sikitaji jina, kilikuwa na mavazi mazuri sana. Mabuti mpaka magotini, mikanda mipana, mapambo ya fuvu la kichwa kila mahali, ukiwaona kwenye picha unasema hawa ndo wenyewe. Mimi nilienda pale nikiwa tayari najua kuendesha kaboti ka tanga ka mtu mmoja, nimejifunza tangu niko shule, najua kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, najua kusoma upepo kwenye maji kabla haujanifikia. Wao hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kushika usukani. Kiongozi wao akaniangalia juu mpaka chini akasema wanawake kwenye kikundi wanacheza wahudumu wa baa, kuna gauni hapo la kubana kiuno, nivae nibebe vikombe. Nikabeba vikombe msimu mzima jamani. Watu wanapigana mapanga huko mbele, mimi nazunguka na trei.

Nikarudi kusoma. Anne Bonny na Mary Read walikuwa kwenye chombo cha huyo huyo Rackham, wakakamatwa naye Jamaika Oktoba 1720, na kesi yao ilichapwa, ipo mpaka leo. Kuna shahidi anaitwa Dorothy Thomas, alikuwa kwenye mtumbwi wake wakati maharamia hao wanampora, akaieleza mahakama kwamba wale wanawake wawili walivaa jaketi za kiume na suruali ndefu, wamejifunga vitambaa kichwani, kila mmoja ana panga na bastola mkononi. Huo ni ushahidi wa mtu aliyewaona kwa macho yake! Nikampelekea kiongozi ile karatasi. Akasema watazamaji hawataelewa. Nikaacha gauni lao kwenye kiti nikaondoka, na nakiri bado inaniuma, hasa nikikumbuka wale niliowaita marafiki waliokaa kimya pembeni.

Kikundi nilichopo sasa hawakuniuliza nina nguo gani. Mzee mmoja mwenye usukani alinirushia kamba, akasema nifunge kitanzi kisichojikaza, bila kuangalia. Nikafunga. Akasema njoo Jumamosi. Basi. Miezi ya mwanzo haina hadithi, ni kukwangua rangi na kuchota maji.

Hilo fundo ndo nataka mjifunze nyie, kwa hiyo sikiliza. Shika kamba, upande mrefu uelekee mbali na wewe, tengeneza kijicho kidogo, ncha ipite ndani ya kijicho ikitokea chini, izunguke nyuma ya ule upande mrefu, halafu irudi kwenye kijicho ilikotokea, kaza. Kitanzi hicho hata kivutwe na uzito gani hakijikazi chenyewe, na kazi ikiisha unakifungua kwa vidole. Kifunge mpaka mikono ijue bila macho. Kifunge gizani, kifunge kamba ikiwa imelowa, kifunge ukiongea na simu.

Sasa sikia kuizoea kamba kulivyonisaidia. Kwenye onesho letu la mwisho tulikuwa tunaingia gatini kwa tanga, watu wamejaa pwani, mizinga imeshalia, raha tupu. Kulikuwa na kaka mgeni kikundini, ana upanga mrefu wa mapambo unaning'inia kiunoni, tulimwambia auache chini akagoma anataka picha. Upepo ukageuka ghafla, mzee akapiga kelele tulegeze tanga, demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ikakimbia, kufumba na kufumbua kitanzi cha demani kimenasa kwenye ala ya ule upanga. Tanga likabaki limejaa, chombo kikalala upande mmoja, maji yakaanza kuingia kwa kando, na yule kaka anavutwa kiuno kuelekea nje. Nilikuwa karibu, nikamlalia kwa uzito wangu wote akakaa chini, kamba ikapata nafasi kidogo, nikaivua kwenye ala kwa mkono wa kushoto. Tanga likapepea, chombo kikasimama. Watazamaji walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya igizo. Kura ilipigwa wiki iliyofuata.

Kwa hiyo ukiniuliza kofia au upanga, nakujibu kamba.

Mavazi yatakuja, na yakija yatengenezwe na mtu anayejua mavazi ni ya kazi. Baharia wa 1720 hakuvaa mabuti ya magotini kupanda mlingoti, alivaa viatu vya kawaida au alienda pekupeku, na suruali fupi pana, na shati la kitani. Lile shati mimi nimelishona mwenyewe kwa mkono. Linakatwa vipande vya mstatili na mraba tu, hakuna kitambaa kinachotupwa, na kwapani unashonea kipande cha mraba kilichokaa kama kashata, kona moja inaingia kwenye mkono, nyingine inashuka ubavuni. Kabla sijavaa shati la namna hiyo nilidhani ni urembo. Ukivuta kamba mikono ikiwa juu ya kichwa ndo unaelewa, shati halipandi, halichaniki, halibani. Yale ya poliesta ya dukani yanachanika kwapani siku ya kwanza, na yakikaribia cheche za baruti yanayeyuka kwenye ngozi, kitani na sufu haviyeyuki hivyo.

Kuhusu baruti nitasema machache ila msiyapuuze. Bastola ya gumegume, ile ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, hata bila risasi ni silaha, inatoa moto mdomoni na pembeni kwenye kisahani cha baruti. Usimwelekezee mtu, lenga juu na kando. Isipolia, usiichungulie, shikilia hivyo hivyo ikielekea mahali salama usubiri, inaweza kuchelewa kuwaka. Na jifunze kwa mtu aliyefundishwa, na kibali cha unapoishi kiwe mkononi. Hii ni hobi, hakuna onesho la thamani ya jicho la mtu.

Kuna jambo lingine linanikera na nitalisema. Vikundi vingi vinawauzia watoto maharamia kama watu wa furaha tu. Wale watu tunawaigiza kwa sababu walipigiana kura, ndio, kanuni za nahodha wa maharamia Bartholomew Roberts zilimpa kila mtu kura, na aliyepoteza kiungo vitani alilipwa mpaka vipande 800 vya fedha. Ila Januari 1722 pale Ouidah, pwani ya Benin ya leo, watu wa Roberts huyo huyo walichoma moto meli inaitwa Porcupine ikiwa na watumwa kama 80 ndani, wamefungwa minyororo wawili wawili, kwa sababu tu nahodha wake alikataa kulipa fidia. Roberts aliuawa mwezi uliofuata karibu na Cape Lopez, Gabon ya leo. Watu wake 52 wakanyongwa Cape Coast, Ghana ya leo, na mabaharia wake Waafrika hawakupewa hata kesi, wakauzwa utumwani. Meli ya haramia Blackbeard ilikuwa ya watumwa kabla hajaiteka, na Whydah, meli ya haramia Sam Bellamy, pia. Mimi kwenye maonesho yetu nayasema haya, na watoto wanasikiliza kuliko wakati wa mizinga, wanauliza maswali mazuri. Kama huwezi kuyasema tafuta hobi nyingine, samahani lakini ndo hivyo. Ukivaa nguo za watu waliokufa unadaiwa ukweli wao, wote, na mzuri na mbaya. Na wanaotaka tu picha nzuri wasije kuwabebesha wanawake trei.

Sasa kijana wangu, upanga. Ukishakwenda majini mara za kutosha mpaka wenzako wanakuachia demani bila kukuangalia, hapo nunua. Chukua wa kuigizia vita, makali butu ya unene wa kutosha, ncha imeviringwa, na chuma cha ndani kipite kwenye mpini mpaka mwisho, maana ile ya kutundika ukutani chuma kinaishia katikati ya mpini na ikigongwa inaruka na kumpiga aliye nyuma yako. Kila ukitoka kwenye maji ya chumvi uuoshe kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe, upake mafuta siku hiyo hiyo, hata kanuni za Roberts zilimtaka kila mtu aweke silaha zake safi. Na ukipanda chomboni uuache chini mpaka tufunge gatini. Kamba kwanza lakini. Ukishaweza lile fundo bila kuangalia niandikie tena, nitakutumia vipimo vya shati.